Mtungi wa Mchina, Gudulia la Mgiriki

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Huyu nimemsimulia basi, yule nimemsimulia treni, na Kabula, ambaye ndiye aliyenituma kwa mama yake, nimekuwa nikimkwepa kwa miezi mitano. Leo nimekaa niandike yote kwa mpigo mmoja, kwa sababu kuna jambo nataka kuwaomba, na siwezi kuliomba kabla hamjajua nililofanya.

Mnakumbuka hali niliyokuwa nayo kabla ya kuondoka. Riwaya yangu ilikuwa imekwama pale ambapo wafinyanzi wawili, mmoja wa China ya kale na mwingine wa Ugiriki ya kale, walipaswa kukutana kwa njia ya vyombo vyao. Mimi mwenyewe sikuwahi kushika chombo cha hata mmoja wao. Nilivijua kwa picha, na picha hukuonyesha upande mmoja tu wa mtungi. Ule wa pili hubaki na mpiga picha. Nilikuwa nakaa mezani, nasimama, nachemsha chai, naisahau, nakaa tena. Ndipo Kabula aliposema kwenye kikao chetu cha waandishi kwamba kwao Urambo kuna gudulia la Mgiriki lenye watu weusi wanaokimbia kulizunguka. Nami nikakumbuka kwamba Tabora, kwa Bi Sikudhani, mdogo wake marehemu bibi yangu, kuna mtungi wa Kichina uliopanda kutoka pwani mabegani mwa wapagazi. Niliwaambia nitaviweka vyombo hivyo viwili juu ya meza moja nivitazame mpaka vinijibu. Mlicheka. Siku ya nne nikaondoka.

Dar es Salaam hadi Igunga

Ilikuwa mwezi wa tisa, nchi imekauka, na upepo umeota meno. Tangu Dodoma kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mfugaji mmoja wa Ziba, Bwana Shija, mtu mzima mwenye kofia ya pama aliyoipakata kama mtoto. Alinitazama nikiandika na kufuta, nikiandika na kufuta, hadi uvumilivu ukamwishia.

"Unaandika nini hicho kisichokubali kuandikika?"

"Habari za mitungi."

"Ya maji?"

"Ya mapambo. Ya Wachina na Wagiriki wa zamani."

"Ya mapambo," akarudia polepole. "Yaani haina kitu ndani."

"Mingine ilikuwa ya mvinyo. Mingine ya mafuta. Mingine walizikiwa nayo."

"Hapo sawa. Nilidhani mtu amechimba udongo, amefinyanga, amechoma, halafu kiwe cha kuangaliwa tu."

Tulipofika mlima Sekenke basi lilikohoa mara mbili likanyamaza. Tulishuka, tukakaa kwenye mawe kwa saa tatu, dereva na utingo wake wakiwa wamelala chini ya injini, miguu tu ikionekana. Wenzangu walitandika khanga wakala mayai ya kuchemsha. Mimi nilitembea kwenda na kurudi barabarani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Shija akaniita.

"Wewe kabila gani usiyejua kukaa?"

"Baba Mzaramo. Mama ni wa Tabora mjini."

Alisimama wima. "Lo! Mtani! Nimekaa na Mzaramo tangu Dodoma na sijamtukana hata kidogo! Nimepoteza mchana mzima!"

Akaanza kufidia. Alisema babu zake Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi baharini, na walipofika Uzaramo, wamechoka, wakakuta babu zangu wamekaa barabarani wakidai hongo ya njia. Nikamjibu kwamba babu zangu walikuwa na haki, maana msafara wake ulikula mihogo ya watu bila kuomba. Utani huu wazee wetu waliuokota njiani, kwa kubebana na kuzikana, na ndio mzigo pekee wa misafara ambao hadi leo haujashushwa. Basi lilipopona, jua lilikuwa linazama na tumbo langu linauma kwa kucheka. Tukaingia Igunga, tukatafuta pa kulala.

Igunga hadi Tabora, kwa kupitia Ziba na Puge

Asubuhi tuliambiwa basi limeugua tena na kifaa chake kinasubiriwa. Kitakuja lini? "Kikija." Shija akasema shemeji yake ana gari dogo la mizigo linalokwenda Ziba, na kutoka Ziba kuna njia ya kutokea Puge, na Puge magari ya Tabora hayakosekani. Nikapanda bila kufikiri. Ningepanda hata punda, alimradi anatembea.

Ziba tulisimama nyumbani kwake tule. Nilipokuwa nanawa mikono nikasikia Shija akimweleza mkewe kwa Kinyamwezi, kisha mke akatoka mbio kwenda kwa jirani. Kabla ugali wa mtama haujafika mbele yangu, uwanja ulikuwa na wanawake saba, kila mmoja na chombo chake kichwani au kwapani: mitungi ya maji, chungu cha pombe, na hata sufuria moja isiyo na mkono. Shija alikuwa amewaambia kuna mtu kutoka Dar anayetafuta vyungu vya kale.

"Chukua huu wangu," alisema bibi mmoja. "Unavuja, lakini wa zamani kweli."

"Sinunui, bibi. Natazama tu."

"Unatazama tu?" Akawageukia wenzake. "Ametoka Dar es Salaam, kutazama!"

Waliangua kicheko, lakini hawakuondoka. Basi nikatazama kweli. Kila mtungi ulikuwa na mistari shingoni, imechorwa udongo ukiwa mbichi, mingine kwa ncha ya kijiti, mingine kwa kuviringisha gunzi la muhindi. Bibi wa mtungi unaovuja aliniambia mistari ile inawekwa ili mkono wenye maji usiteleze. Nikauliza kwa nini basi mingine imepindapinda kama nyoka. Akanitazama kwa huruma. "Kwa sababu inapendeza," akasema.

Nilikula ugali ule kwa maziwa ya mgando na mlenda, nikaandika maneno ya yule bibi kiganjani kwa kuwa daftari lilikuwa garini. Njiani kwenda Puge jasho likayafuta. Puge nilisubiri gari kuanzia saa sita hadi saa kumi, nikitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo vinakulazimisha kunyamaza maana taya zote mbili ziko kazini.

Tabora

Bi Sikudhani anakaa Isevya, katika nyumba yenye mlango mzito wa mninga. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na sauti yake ni ya mtu aliyefundisha chuo cha Kurani miaka arobaini. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama viatu vyangu.

"Umekuja kunisalimu au umekuja na haja?"

"Yote mawili, bibi."

"Anza na haja. Salamu zitasubiri."

Mtungi ulikuwa pembeni mwa kitanda chake, kimo cha mtoto aliyeanza kusimama. Ni mweupe, si weupe wa chokaa, ni weupe wa maziwa yaliyotulia, na juu yake, kwa rangi ya buluu, kuna tawi moja, ndege wawili na jiwe. Basi. Robo tatu ya mtungi haina kitu. Nililala kifudifudi sakafuni niuzunguke kwa macho. Upande wa pili, ule ambao picha hazionyeshi, una ufa mrefu, na ufa huo umeshonwa kwa vipini vya shaba, kimoja baada ya kingine, kama jeraha lililopita mikononi mwa daktari. Bi Sikudhani alisema ni kazi ya fundi mmoja wa Kihindi wa mjini, enzi za baba yake.

Sitawadanganya kwamba ni wa kale kama ile ya kitabuni. Pengine ni mjukuu wa mjukuu wa mitungi ile. Lakini nimesoma kwamba buluu ya kwanza waliyoitumia Wachina haikutoka kwao. Ililetwa kutoka Uajemi kwa misafara ya ngamia. Mtungi wa namna hii ulikuwa na safari ndani yake hata kabla haujafinyangwa. Nilipomwambia Bi Sikudhani, alisema, "Ndiyo maana hautulii. Umevuka nyumba tatu kabla ya hii." Ndipo nikaomba kuuchukua Urambo kwa wiki moja.

Alifunua kitambaa kilichofunika mdomo wa mtungi, akaingiza mkono, akatoa shuka nyeupe iliyokunjwa vizuri, kipande cha udi na kichupa cha marashi.

"Hii ni sanda yangu. Iko humu mwaka wa tisa. Nitaiweka wapi?"

"Kabatini, bibi. Wiki moja tu."

"Na nikifa wiki hiyo?"

Tulikaa siku mbili katika swali hilo. Nilifua, nilipika, nilimsomea gazeti, nilizunguka uani mpaka kuku wakanizoea. Siku ya tatu akasema, "Chukua. Unanizungusha kichwa. Lakini uubebe mapajani, usiuweke chini ya kiti. Na chombo hakitoki nyumbani kwangu kitupu." Akaujaza visheti alivyokaanga mwenyewe alfajiri ile, akaufunga mdomo kwa khanga. Sanda akaitia kwenye mfuko wa rambo, akautundika msumarini, akauangalia kwa chuki.

Tabora hadi Urambo

Treni ilichelewa saa nne, nikazitumia zote nikiwa nimesimama, kwa kuogopa kwamba nikiuweka mtungi chini mtu ataupiga teke. Ndani ya behewa nikagundua kitu. Mtu anayepakata mtungi mkubwa uliofungwa kwa khanga nyeusi na nyekundu, tena haongei, haachwi bila jina. Mama aliyekuwa karibu nami alihamisha mizigo yake. Kijana mmoja mwenye madumu mawili ya asali akahamia dirisha la pili. Nikabaki na benchi zima peke yangu.

"Shikamoo," akaniamkia mzee mmoja kutoka ng'ambo ya njia, ingawa nywele zake zilikuwa nyeupe na umri wangu mnaujua. "Samahani, mganga. Dawa hiyo ni ya mvua, au ya watu?"

"Babaangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Ni visheti."

Hakuna aliyeamini mpaka nilipofungua. Baada ya hapo benchi lilijaa, asali ikamiminwa juu ya visheti, na yule mama akasimulia jinsi alivyokuwa tayari kushuka Usoke ili kuniepuka. Nje, miti ya miombo ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu kama ya moto, kabla ya tone moja la mvua. Mti unaochipua kwa imani tupu. Nilitaka treni iende mbio zaidi. Nilihisi meza ile yenye vyombo viwili inanisubiri, na kila kituo kilinikera.

Urambo

Mama Kabula ana miaka sitini na kitu, mrefu, anatembea kwa kuuvuta kidogo mguu wa kulia. Alinipokea kwa "Mwangaluka," nami nikaitikia vilevile, neno pekee la Kinyamwezi nililokuwa nalo. Akacheka, akapokea nusu iliyobaki ya visheti kwa mikono miwili. Alijua nilichokuja kutafuta. Baba yake, marehemu, alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja aliyelima tumbaku huku, mtu ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Alipoondoka nchini alimwachia mpishi wake koti, ubao wa kukatia nyama na gudulia.

"Liko jikoni," alisema. "Lishushe ulitazame utakavyo. Mimi naenda msibani, nitarudi jioni."

Jiko lake ni kibanda cha nyuma, la kuni, na gudulia lilikuwa limening'inizwa kwa kamba juu kabisa ya moshi. Lilikuwa jeusi tii. Shingo nyembamba, mkono mmoja, tumbo la mviringo, na mdomoni limezibwa kwa kitambaa. Masizi yalikuwa yamelifunika lote. Hapakuonekana mtu wala mguu wa mtu. Moyo uliniuma. Nikawaza: kazi ya mikono kama hii, imetupwa kwenye moshi! Nikachota maji ya vuguvugu, nikachukua kipande cha sabuni, nikakaa nyuma ya jiko nikalisugua kwa kitambaa laini kama mtu anayemuosha mtoto.

Na wakatokea. Kwanza kisigino, kisha paja, kisha wanaume watano weusi juu ya udongo mwekundu, wanakimbia, mikono imetupwa nyuma na mbele, ndevu zimechongoka. Niliwazungusha. Wa kwanza alikuwa anamfukuza wa mwisho. Nilipiga kelele peke yangu. Nikazibua mdomo, nikakuta ndani kuna vumbi la kahawia, vumbi laini kama la barabara ya Puge. Nikatia maji ya sabuni, nikatikisa, nikamwaga. Nikatia maji mengine, nikatikisa, nikamwaga. Mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikaweka vyombo vyote viwili juu ya meza uwanjani, nikakaa mbele yake na daftari, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikutaka kusimama.

Mama Kabula alirudi jua likiwa bado liko juu ya miti. Alisimama akalitazama gudulia linavyong'aa. Hakupiga kelele.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Iliyokuwa ndani."

"Vumbi? Nimelimwaga. Kule nyuma ya jiko."

Alikaa kwenye kigoda taratibu, kama mtu aliyeambiwa jina la marehemu.

"Ile ni mbegu ya tumbaku," akasema. "Mbegu ya tumbaku ni kama vumbi. Hata mtoto wa hapa anajua kilichotundikwa juu ya moshi ni mbegu."

Nilisema jambo la kijinga. Nilisema nitamletea nyingine, nitanunua, nimeona mjini watu wa tumbaku wako kila kona.

"Hiyo ni tumbaku ya kuuza, ya majani mapana. Mbegu yake unapewa. Yangu ni ya ugoro. Mama yangu alipewa na mama yake. Wazee wa hapa, wakitaka kuwaita waliokufa, wanakuja kwangu kuchukua, kwa sababu waliokufa wanaijua harufu hiyo, si nyingine. Mwaka jana mguu uliniuma, sikupanda. Mwaka juzi zilinyonywa na jua. Ile ndiyo iliyobaki. Yote."

Nilianza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akapiga magoti penye ardhi iliyolowa. Akauliza bila kugeuka:

"Sabuni ya unga, au ya kipande?"

"Ya kipande."

"Ulimwaga mahali pamoja, au huku na huku?"

"Hapohapo. Mara tatu."

Akaokota udongo, akaunusa. "Mbegu hii tunaisia kwa maji. Unaichanganya na maji, unanyunyiza kitaluni. Wewe umesia. Umesia vibaya, mahali pabaya, na sabuni juu yake, lakini umesia." Kisha akanigeukia, na nikaona anapambana na uso wake usicheke na usilie. "Ungekuwa mtu mwingine, ningemwita balozi wa nyumba kumi. Kabula aliniambia wewe ni Mzaramo. Mtani hatozwi fidia. Lakini kumwagilia, atamwagilia."

Siku za kumwagilia

Tulimwaga maji safi taratibu ili kuisukuma sabuni chini. Tulitandaza majani makavu, tukazungushia miiba kwa ajili ya kuku. Kisima kiko mwendo wa dakika kumi. Asubuhi debe moja, jioni debe moja, kwa kopo lililotobolewa matundu, maji yaanguke kama manyunyu, yasichimbe. Mimi niliyeshindwa kukaa Sekenke kwa saa tatu, nilipewa kipande cha ardhi cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia na kuambiwa nikae nacho.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka iseme."

Siku tatu za kwanza nilifunua majani kila saa. Akanikataza. Siku ya nne nilikwenda kituoni bila sababu nikaangalia treni ya Tabora ikipita. Siku ya tano Bi Sikudhani alinipigia simu.

"Mtungi wangu mzima?"

"Mzima, bibi."

"Wiki inakwisha. Jana panya ametembea juu ya rambo, nimemsikia. Nikifa leo mtanitolea sanda kwenye mfuko wa rambo?"

"Bibi, usife."

"Nitajitahidi," akasema, akakata.

Nilipokuwa sina maji ya kubeba nilikaa mbele ya meza. Vyombo vilikuwa palepale na sasa nilikuwa na muda ambao sikuuomba. Siku ya sita nililigeuza gudulia nikafuta masizi mazito yaliyobaki chini yake, nikaona muhuri wa kiwandani, herufi na namba. Halikuwa la kale. Ni nakala wanayouziwa wageni. Nilikaa na siri hiyo kwa chakula kimoja, kisha nikamwambia Mama Kabula, kwa kuwa nilikuwa nimeshamharibia vya kutosha.

"Lina umri gani, basi?"

"Miaka sitini, sabini."

"Rika langu," akasema, akaendelea kumenya karanga. "Mbona mimi sijaambiwa ni nakala?"

Alipenda kuvitazama akiwa anamenya. Jioni moja nikamweleza nilichokuwa nimeandika: kwamba yule Mgiriki wa kale hakupaka rangi kama tunavyojua, alipaka udongo juu ya udongo na kuuachia moto utenganishe cheusi na chekundu, kwamba yeye alichora watu, vita, mbio, karamu, hakumwacha mtu peke yake, na yule Mchina alichora tawi, akaacha weupe uwe anga, maji, ukungu, chochote utakacho. Nikasema sijui nani kati yao ni fundi zaidi.

Aliinamisha kichwa. "Huyu wa Mgiriki anaogopa nafasi. Kila penye uwazi ametia mguu. Huyu wa Mchina amepanda kwa nafasi. Miche yake itapumua." Akatupa ganda la karanga. "Yule amesia zimerundikana. Kama wewe nyuma ya jiko."

Niliyaandika hayo daftarini, si kiganjani.

Siku ya nane hakuna kitu. Siku ya tisa, hakuna. Siku ya kumi wazee wawili walikuja kuomba ugoro kwa ajili ya shughuli ya ukoo, na nikamsikia Mama Kabula akiwaambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwaka huu bado. Hakuwaambia ni kwa sababu ya nani. Nilibeba madebe manne siku hiyo. Akaninyang'anya la nne: "Utaizamisha."

Siku ya kumi na mbili aliniita. Alikuwa amelala ubavu chini, shavu karibu ligusane na udongo, ameinua majani kwa kidole kimoja. Nikalala upande wa pili. Sikuona kitu, kisha nikaona: nukta tatu za kijani, ndogo kuliko kichwa cha pini. Siku ya kumi na nne kuku mmoja alipenya miiba na zikabaki mbili. Siku ya kumi na sita ya pili ilinyauka yenyewe, bila kosa la mtu.

"Mmoja," nikasema.

"Mmoja unatosha. Mche mmoja ukitoa maua, kifuko kimoja tu kina mbegu za kujaza Urambo nzima. Hujui tumbaku wewe." Akajishika mguu, akainuka. "Sasa nenda. Umebeba maji ya kutosha, na yule bibi atakufa kwa ubishi."

Kurudi

Kurudi hakuna cha kusimulia. Nilipakata mtungi, sikutazama dirishani. Mama Kabula alikuwa ameujaza karanga mbichi mpaka shingoni. Bi Sikudhani alizimimina kwenye ungo, akapapasa vipini vya shaba kimoja kimoja kama anayehesabu tasbihi, akarudisha sanda, udi, marashi. Akapumua. "Sasa nisalimie," akasema.

Kuanzia hapo nimekuwa nikipiga simu Urambo kila Jumapili. Mche ulihamishwa mvua zilipoanza. Ulifika magoti. Ulifika kiuno. Wadudu waliula majani mawili. Nimeandika kurasa mia moja na kumi katika muda huo, nikitembea chumbani, kwa kuwa kukaa sijajifunza.

Jumapili iliyopita Mama Kabula alipokea mwenyewe kabla sijasikia mlio wa pili.

"Zimekauka," alisema. "Nimezipukuta jana. Vijiko viwili."

Nikaanza kuzunguka meza, simu sikioni.

"Nimezigawa nyumba tatu. Mbegu ikikaa nyumba moja inamalizwa na panya. Au na mgeni."

"Nyumba za nani, mama?"

"Moja yangu. Moja kwa jirani, kwa mke wa fundi baiskeli. Ya tatu iko kwenye basi, nimempa mwalimu mmoja anayekuja huko. Imo ndani ya kichupa cha dawa. Usiioshe."

Kichupa kimefika juzi. Nimekiweka mkononi, nimekiweka mezani, nimekiweka kabatini, nimekitoa. Kinatakiwa kukaa juu ya moshi hadi mwezi wa tisa, na mimi napika kwa gesi. Kabula naye anapika kwa gesi. Nimemuuliza kabla ya kumkiria haya. Kwa hiyo nawauliza ninyi wengine, na nijibiwe leo: nani kati yenu bado ana jiko la kuni?